Mkaa wa Matongoni

Wiki iliyopita hapa Shinyanga tulikwenda kumpongeza mwenzetu wa ofisini aliyejifungua. Mezani waliweka sato waliochomwa ndani ya foili, kila mtu na wake. Nilipomfungua wa kwangu mvuke ulinipiga usoni, na upande mmoja ngozi ilikuwa imeungua. Kipande kidogo cheusi kilikuwa kimeng'ang'ania kwenye ile karatasi inayong'aa. Nilikitazama, nikasukuma sahani pembeni, nikasema nina simu ya haraka, nikatoka nje na kuzunguka nyumba mara tatu. Wenzangu wameshanizoea. Kabula ana moto miguuni, wanasema, na mimi huwaacha waamini hivyo. Ukweli ni kwamba utotoni kuna siku moja nilikaa nikatulia kama nilivyoambiwa, na nilichokiona nikiwa nimetulia kilikuja kumvunja moyo mtu niliyempenda kuliko wote.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama yangu alikuwa akifanya kazi Mwanza, mimi nikilelewa na Bibi, mama yake, katika kijiji kilicho mwendo mfupi wa baiskeli kutoka Rwamgasa. Nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, mimi, na mjomba Masanja, ambaye kwa jina lake kijiji kizima kilimwita Bibi Mama Masanja. Mjomba alikuwa mchimbaji, na kama kuna mtu aliyenirithisha huu moto wa miguuni ni yeye. Akisikia rashi imelipuka mahali, yaani dhahabu imeonekana na watu wanaikimbilia, aliacha chai ikifuka mezani. Alihama kutoka duara moja, yaani shimo la kuchimbia, hadi jingine, na kila aliloliacha lilianza kutoa mali wiki mbili baadaye. Hivyo ndivyo alivyosimulia yeye.

Kabla ya hapo aliwahi kubeba mchanga kwenye plenti, pale wanapouloweka udongo wa dhahabu kwenye matangi ya dawa, na kazi hiyo ilimwachia elimu aliyopenda kunigawia. "Kabula, usidanganywe na kung'aa," aliniambia. "Dhahabu ya siku hizi haing'ai. Wanaweka kaboni ndani ya tangi, mkaa mweusi kabisa, ukiuona unaweza kuupikia ugali. Dhahabu yote inaingia humo. Nimeona kwa macho yangu kafuko ka mkaa kakisindikizwa na bunduki mbili kwenda Mwanza." Niliamini kila neno, na kwa kuwa lilikuwa kweli, sikuwa na sababu ya kutoamini.

Mwaka huo mgodi mkubwa ulikuwa unajiandaa kujenga bwawa la topesumu, tope lenye dawa linalobaki dhahabu ikishatolewa, upande wa chini wa kijiji. Huko kulikuwa na matongo, mahame ya kaya za zamani, ambako watu wetu waliishi kabla ya kuhamishwa wakapangwe kwenye vijiji. Bibi aliolewa huko. Nyumba zilibomolewa, mashamba yakalimwa pamba juu yake miaka nenda rudi, ikabaki mistari ya minyaa iliyokuwa uzio wa miji ya watu. Wathamini wa mgodi walikuja wakaandika makaburi yote yaliyoonekana, ili yahamishwe kabla ya fensi. Kaburi alilokuwa nalo Bibi huko hawakuliandika, kwa sababu halikuonekana.

Bibi alizaa mtoto wa kwanza matongoni, wa kike. Aliishi mwezi na kitu, akafa kabla hajapewa jina la kumtosha na kabla hajaota jino. Kwetu mtoto wa namna hiyo alizikwa na wanawake peke yao, upenuni mwa nyumba, pale maji ya mvua yanapodondokea, na hakuliliwa kwa sauti. Wanaume hawakuhusishwa. Wale wanawake waliochimba siku ile walikuwa wameshakufa wote, akabaki Bibi, na nyumba yenyewe haikuwepo tena ili mtu aseme upenu ulikuwa hapa. Mkwe wake, mume wake, hata Masanja aliyezaliwa baadaye, hakuna aliyeoneshwa mahali. Na bwawa likishajengwa, tope lingekaa juu ya mtoto yule mpaka mwisho wa dunia. Bibi alitaka kumtoa. Hilo tu ndilo alilolitaka mwaka ule, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Ndipo wakaja watu wa brashi. Ndivyo tulivyowaita sisi watoto. Wao walisema ni wataalamu wa mambo ya kale, na kwamba sheria inautaka mgodi uwaache wachunguze kabla tingatinga halijaingia. Walipigilia vigingi matongoni, wakafunga kamba mpaka ardhi ikawa na miraba kama daftari la hesabu, kisha wakaanza kukwangua udongo kwa miiko ya mafundi uashi. Udongo wakauchekecha. Walichokibakiza kwenye chekeche kiliwaacha watu wa kijiji hoi: vigae vya vyungu na mavi ya chuma, yale mabonge yanayobaki chuma kikiyeyushwa, vitu ambavyo sisi tulivirushia mbuzi. Hakuna aliyewasadiki. Kwetu mtu akichekecha udongo, tunajua anatafuta nini.

Siku moja baada ya shule Bibi alijifunga kitenge kipya, akanishika mkono, tukashuka matongoni. Alimfuata dada mmoja aliyekuwa amepiga magoti ndani ya mraba, mtu wa chuo, jina lake Rehema.

"Shikamoo, Bibi," yule dada alisema akisimama na kujipangusa mikono.

"Marahaba, mayu. Nimekuja nikuulize. Hapa mnapochimba palikuwa na nyumba yangu."

"Hapa hapa?"

"Kwenye hiyo minyaa, upande wa ndani. Ila sijui sawasawa. Nina mtu wangu upenuni."

Dada Rehema hakuuliza mtu gani. Alitutoa pembeni, mbali na wanaume waliokuwa wakichekecha, akasikiliza mpaka mwisho, na mimi nikiwa nimesimama hapo nikasikia yote kwa mara ya kwanza. Kisha akaenda kuongea na mkuu wao, mzee wa kofia pana. Tulimwona yule mzee akitikisa kichwa. Chini zaidi walikuwa wamepata mahali pa kale pa kuyeyushia chuma, na hilo ndilo lililokuwa likimpa homa. Sauti yake ilitufikia: "Hiyo nyumba ni ya juzi tu, Rehema. Tukianza kuhangaika na ya juzi hatutamaliza."

Bibi alicheka puani. "Juzi yake ndiyo umri wangu," aliniambia.

Lakini dada Rehema alikuwa king'ang'anizi. Alitumia muda wake wa mapumziko ya mchana kukwangua juu juu upande ule wa minyaa, kidogo kidogo, na siku ya tatu akatuita. Kwenye udongo mwekundu kulikuwa na madoa meusi ya mviringo, kila moja upana wa kikombe, yamejipanga kwa upinde. "Hizi ni nguzo za ukuta, Bibi. Mti ulishaoza, shimo lake limebaki na rangi." Bibi aliinama akayahesabu kwa kidole bila kuyagusa. Alipofika la tano alisimama. Akageuka kutazama upande jua linakozama, akasogea hatua mbili kushoto, akasema mlango ulikuwa hapa, kwa hiyo mawe ya kusagia yalikuwa pale, kwa hiyo upenu ni huu. Sijawahi kumwona mtu akitembea ndani ya nyumba isiyokuwepo, akikwepa kuta. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Dada Rehema alipigilia vigingi vinne mahali pale akafunga utepe mwekundu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. "Jumatatu asubuhi tutafungua, mimi na wewe na dada mmoja wa maabara. Wanaume nitawapeleka upande wa pili. Ila, Bibi, nisikudanganye, udongo huu unakula mifupa, hasa ya mtoto mchanga. Tunaweza kukuta udongo tu wenye rangi tofauti. Hata hivyo tukiuona umekaa kama shimo la kaburi nitaandika kaburi, na mgodi ukishaandikiwa lazima umhamishe kwa heshima."

"Wabeja, mayu," Bibi alishukuru, akarudia mara tatu.

Njiani akanisimamisha. "Kabula. Hili la upenuni ni la wanawake. Usimwambie mwanaume yeyote, hata mjomba wako. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Nilijisikia nimekua ghafla.

Jumamosi Bibi alirudi tena matongoni kwa sababu nyumbani alikuwa hashikiki, anaanza kufagia anaacha, anaanza kuchambua maharage anaacha. Mimi nilikalishwa chini ya minyaa nikaambiwa nisitikisike, maana nilikuwa nimeshakanyaga kamba mara mbili na yule mzee wa kofia alishaanza kunitazama vibaya. Mtoto asiyejua kukaa, kukalishwa ni kifungo. Nilihesabu siafu, nikajikuna, nikachora chini kwa kijiti, kisha kwa kukosa kazi nikaanza kuangalia kwa makini kitu kilichokuwa kikifanyika kwenye mraba wa jirani.

Dada Rehema alikuwa ameinamia kitu cheusi. Hakukishika. Alikiinua kwa ncha ya kisu, akabana pumzi, akakiweka katikati ya kipande cha foili, akakunja pande nne, akaandika juu yake, akakitia kwenye mfuko, na mfuko kwenye sanduku lenye kufuli. Kisha kingine. Na kingine.

"Dada, ni nini?"

"Mkaa."

"Mbona huushiki?"

"Nikiugusa nitauharibu. Unatakiwa ufike nje ya nchi ukapimwe hivyo hivyo."

Sasa nikiwa mtu mzima najua kwamba mkaa wa kale hupimwa ili kujua umri wa moto ulioutoa. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu kuhusu mkaa unaofungwa vizuri, ukafungiwa kufuli, ukasafirishwa ukapimwe, na kitu hicho nilikuwa nimefundishwa na mjomba. Niliwatazama wanaume wa kijiji waliokuwa wakichekecha kwa posho wakitupa udongo kulia na kushoto, nikawaonea huruma kwa ujinga wao.

Mjomba alirudi jioni hiyo akiwa mkavu, hana hata senti. Duara lao lilikuwa limeingia maji. Alikaa, akasimama, akafungua sufuria, akafunika, akaniuliza kwa kunitania kama watu wa brashi wameshapata chungu cha kupikia. Nilitaka asinitanie. Nilitaka, kwa mara moja, niwe na habari ambayo yeye hana. Nikamwambia.

Nilimwambia kuhusu mkaa, kisu, foili na kufuli. Alikuwa anacheka nilipoanza, lakini nilipofika kwenye kupimwa nje ya nchi hakuwa anacheka tena. "Mkaa," akasema. "Chini ya ardhi. Na mavi ya chuma juu yake. Wazee walikuwa wanayeyusha pale, Kabula. Dhahabu yao imeingia kwenye mkaa ule, imelala humo." Aliniuliza wanachimba wapi hasa. Na mimi, ambaye nilikuwa nimebanwa na furaha ya kuulizwa na mtu mzima, nikamwambia kwamba kuna mahali bado hawajafungua, wameweka utepe mwekundu, na watapafungua Jumatatu, na wanaume watapelekwa mbali wasione.

Hapo nikanyamaza. La mtoto sikusema. Nililizuia mdomoni nikalimeza, na nilijipongeza sana kwa hilo. Nilikuwa nimeahidi, na nimetimiza.

Jumapili tulikuwa kanisani, Bibi na mimi kwenye mabenchi ya wanawake. Mahubiri yalikuwa katikati wakati simu ya mtu ilipotetemeka upande wa wanaume, akatoka. Akatoka wa pili. Kisha benchi zima likasimama, kisha mpiga ngoma wa kwaya, na nje tukasikia pikipiki zikiwashwa moja baada ya nyingine zikielekea chini. Mchungaji alibaki akihubiria wanawake. Nilijua ni nini, na Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichokisikia ni fahari. Habari yangu ilikuwa imewainua wanaume wote wale kwenye viti.

Fahari ile haikufika mbali. Bibi alinitazama mara moja tu usoni, akachukua kitenge chake akatoka. Alikuwa mtu wa magoti mabovu lakini siku ile nilimfuata nikikimbia.

Matongoni kulikuwa na watu kama mnada. Sululu, mabeleshi, viroba, mlinzi mmoja wa mgodi amesimama mbali anaongea na simu. Minyaa ilikuwa imekatwa, utomvu wake mweupe unatiririka. Kamba zilikuwa zimekanyagwa, miraba haipo, kila mtu na shimo lake. Mahali penye vigingi vinne haikuwezekana kupakosa kwa kuwa ndipo shimo kubwa kuliko yote lilipokuwa. Tuliposogea, mjomba Masanja alitokeza kichwa kutoka ndani yake, mikono myeusi mpaka viwikoni, meno yote nje.

"Mama," akasema, "safari hii ni yenyewe. Angalia udongo wake ulivyo."

Bibi alitazama ndani ya shimo. Mjomba alikuwa amezama mpaka kifuani, na pembeni yake viroba viwili vilikuwa vimeshajaa na kufungwa. Nilimsubiri Bibi apige kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele. Alisema tu, "Hivyo viroba vilete nyumbani. Usivipeleke popote," akageuka akaanza kupanda kilima. Polisi walifika baadaye, watu wakatawanyika, na mkaa wa mtu yeyote haukutoa hata chembe.

Jumatatu dada Rehema alikuja nyumbani na chekeche lake. Macho yalikuwa mekundu. Kazi yote ya mwezi ilikuwa imeharibika ndani ya saa mbili. Walimwaga viroba juu ya turubai nyuma ya nyumba, yeye na Bibi, wakapitisha udongo kiganja kwa kiganja mpaka jua likawa kichwani. Walipata vigae na mkaa. Hawakupata kingine. Dada Rehema alieleza, kwa shida, kwamba udongo ukiwa bado umelala mahali pake yeye angeweza kusoma ukingo wa shimo, angeweza kusema hapa kuna kaburi na kuweka sahihi. Ukishavurugwa haumwambii kitu. Mzee wa kofia alikuwa ameshaandika kwamba hakuna kaburi lililothibitishwa upande ule.

"Pole, Bibi."

"Na huu udongo ni wa nani?" Bibi aliuliza.

"Ni wako."

Yule dada alipoondoka Bibi alichukua jembe. Mjomba alikuwa uani, hajaelewa bado kwa nini amekatazwa kuvipeleka viroba plenti, ananung'unika kwamba wenzake wameshapeleka. Bibi alimwambia akakae mlangoni, atugeuzie mgongo, asinyanyuke mpaka aitwe. Sijui kulikuwa na nini kwenye sauti yake, lakini mjomba, mtu ambaye hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa, alikwenda akakaa.

Tulichimba upenuni mwa nyumba, chini ya bati, pale maji yanapodondokea. Bibi alichimba, mimi nikatoa udongo kwa mikono. Hakunifukuza, na kwa hesabu yake nadhani nilikuwa nimeshaingia upande wa wanawake. Kisha tukarudisha humo udongo wote wa viroba viwili, maana hakuna aliyejua upi ni mtoto na upi ni udongo. Bibi aliushindilia kwa viganja, polepole, kama anayelaza mtu. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimdondoka tu, akayaacha yadondoke.

Sikuweza kuvumilia. "Bibi, mimi ndiye niliyemwambia mjomba kuhusu utepe."

"Najua. Nani mwingine?"

"Lakini la mtoto sikusema." Nilikuwa nalia sasa, nikijitetea kwa kitu pekee nilichokuwa nacho. "Nililitunza kama ulivyoniagiza."

Bibi aliacha kushindilia. Alikaa chini kabisa, miguu ameinyoosha, mikono yake myeusi juu ya mapaja.

"Ndiyo, ulilitunza," akasema. "Na mimi nimelitunza tangu Masanja hajazaliwa. Tumelitunza vizuri mno, mjukuu wangu. Mmoja wetu angekuwa na mdomo, kijana wangu asingempiga dada yake sululu."

Kisha akanisukuma begani. "Nenda kamwambie."

"Mimi?"

"Mimi siwezi. Nenda. Mwambie yote."

Kutoka upenuni mpaka mlangoni ni hatua kama kumi. Mimi niliyekimbia kila mahali, kisimani, shuleni, dukani, siku ile nilizipiga moja moja. Mjomba alikuwa bado amekaa, mgongo ametugeuzia kama alivyoagizwa, anajitoa weusi kwenye kucha kwa kijiti. Nikazunguka nikasimama mbele yake.

"Mjomba," nikasema, "kuna kitu sikukuambia."